Nani Anaandika Orodha ya Masomo? Jibu kwa binti wa Jambiani anayetaka kuwa mkufunzi wa kaiti

Binti wa miaka 23 kutoka Jambiani ameniandikia kwamba anafanya kazi ya mapokezi katika skuli ya kaiti, yaani mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa, huko Paje, mwambao wa mashariki wa Unguja, kwamba alijifunza kuogelea tangu yuko skuli ya msingi, na kwamba kwa miaka miwili amekuwa akijifunza kaiti baada ya saa za kazi, mpaka sasa anaweza kubisha upepo na kurudi pale pale alipoanzia bila ya kusukumwa demani, kule upepo unakoelekea. Alipomwomba mkubwa wake ampeleke kwenye mafunzo ya ukufunzi, alijibiwa kwamba pahala pake ni mapokezi na kwamba majini kunataka nguvu za mwanamme. Baadaye mgeni mmoja wa kike kutoka Austria akamwambia kuwa kwao wanawake wanafundisha skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, milimani na watu wamezoea. Mama yake, ambaye ni mkulima wa mwani, naye ana wasiwasi wa mavazi na wa kuchanganyika na wanaume. Swali lake ni hili: wenzetu wa theluji walipita wapi mpaka wakakubalika, na yeye ashike lipi katika hayo?

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu neno uliloambiwa na mkubwa wako nimewahi kulisikia kwa lugha nyengine na katika baridi kali. Kabla ya kurudi Unguja kufundisha masomo ya utalii wa michezo, nilifanya kazi kwa misimu minne ya baridi katika skuli moja ya skii kwenye milima ya Tirol, huko huko Austria anakotoka mgeni wako. Sikuwa mkufunzi. Nilikaa kwenye meza ya kupangia masomo, na mimi ndiye niliyeandika kila asubuhi mkufunzi gani ampokee mgeni gani. Jibu langu limeegemea meza ile, na nitalisema tangu mwanzo: wanawake wa skii hawakusonga mbele kwa kuambiwa wajiamini. Walisonga pale yalipobadilika mambo ya kazi yenyewe, yaani vifaa, vyeti, mipango ya msimu, na zaidi ya yote ile karatasi ya kugawa masomo.

Nianze na hilo la nguvu, kwa kuwa ndilo ulilofungiwa nalo mlango. Katika skii kuna mchezo wa kuruka, ambao mtu hushuka mteremko mrefu kisha akajirusha hewani na kutua mbali chini. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, kwa wanaume peke yao, na wanawake hawakuruhusiwa mpaka Sochi, Urusi, mwaka 2014. Hiyo ni miaka 90. Si kwamba wanawake warukaji hawakuwapo. Mwaka 1911 huko Kitzbühel, katika milima ile ile ya Tirol, Paula Lamberg aliruka mita 22 akiwa amevaa sketi ndefu, na mwaka 1938 Johanne Kolstad wa Norway aliruka mita 72. Hata hivyo mwaka 2005 rais wa shirikisho la kimataifa la skii, Gian Franco Kasper, alikuwa bado anasema hadharani kwamba kwa upande wa kitabibu mchezo ule hauonekani kuwafaa wanawake. Warukaji wakaenda mahakamani huko British Columbia, Kanada, wakidai waingizwe katika Olimpiki ya Vancouver ya 2010. Hukumu ya 2009 ilikubali kwamba walikuwa wakibaguliwa, lakini ikasema kwamba uamuzi ulikuwa wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ambayo sheria ya haki ya Kanada haikuweza kuifikia. Mmoja wa wadai hao, Lindsey Van wa Marekani, alikuwa mwaka huo huo ametwaa ubingwa wa dunia wa kwanza wa wanawake huko Liberec, Jamhuri ya Czech, na akabaki kutazama. Mpaka Milano Cortina mwaka 2026, mchezo unaounganisha kuruka na mbio za skii ulikuwa bado wa wanaume tu katika Olimpiki.

Nimekusimulia haya kwa urefu ili ulipime vizuri lile jibu la mkubwa wako, kwa sababu lina ukoo mrefu na kila lilipopimwa kwa vitendo limeanguka. Kaiti, kwa bahati njema, ni mchezo mchanga ambao haukurithi deni hilo: ulipoingia katika Olimpiki ya Paris ya 2024, ukachezwa baharini huko Marseille, wanawake na wanaume waliingia siku moja, kila upande na medali zake, na dhahabu ya wanawake ikachukuliwa na Ellie Aldridge wa Uingereza. Wewe mwenyewe unajua kwamba mvuto wa kaiti haubebwi na mikono. Kamba huja kwenye mshikio, mshikio hunasa kwenye ndoano ya mkanda mpana wa kiunoni, na mwili mzima ndio unaolala nyuma kuubeba. Ukubwa wa kaiti nao hupimwa kwa upepo na kwa uzito wa mtu, kiasi kwamba upepo unaomtaka mwanamme wa kilo 80 achukue kaiti ya mita za mraba 10 utamtosha mwenye kilo 55 kwa kaiti ya 7. Na mkufunzi hamshindi mwanafunzi anayekokotwa kwa kumvuta. Anamwokoa kwa kusimama pahala panapofaa na kwa kuwahi kifungo cha kuachilia kaiti. Hilo ni suala la macho na uzoefu.

Lakini hapa hapa ndipo linapoingia jambo la vifaa, ambalo wanawake wa skii walilipigania kwa miaka mingi na ambalo kwetu halijaanza hata kuzungumzwa. Kwa muda mrefu skii ya mwanamke ilikuwa ni skii ya mwanamme iliyofupishwa na kupakwa rangi nyengine. Mmarekani Jeannie Thoren alikuwa miongoni mwa waliosema wazi kwamba nyonga za mwanamke ni pana zaidi, kwamba uzito wake umekaa chini na nyuma zaidi, na kwamba msuli wa shavu la mguu wake hushuka chini zaidi, hivyo kiatu kirefu kinamkaba na kumsukuma mbele vibaya. Alizunguka kwenye vituo vya skii akisogeza mbele vifungo vya viatu na kuwapa wanawake wajaribu wenyewe, na mwanamke aliyekuwa akijiona hana kipaji akagundua kwamba tatizo lilikuwa chini ya nyayo zake. Sasa tazama ghala la skuli yenu. Katika skuli nilizotembelea mwambao wa mashariki, mkanda mdogo kabisa mara nyingi ni mmoja, umechakaa, na unapanda mpaka kifuani mwa msichana mwembamba pale kaiti inapovuta. Anayeumia mbavu kwa sababu hiyo huambiwa hana nguvu. Kabla hujadai chochote kingine, hakikisha kwamba unafanya mazoezi na mkanda unaokukaa barabara kiunoni na kwamba skuli ina kaiti ndogo zilizo nzima, za mita 5 hadi 7, kwa zile siku ambazo kusi inavuma kwa ukali.

Nije kwenye ile karatasi, ambayo ndiyo sababu ya kukuandikia kwa urefu hivi.

Katika skuli ile ya Tirol wakufunzi wanawake hawakuwa wachache. Mgeni wako amekwambia kweli. Lakini kila asubuhi kabla ya saa tatu, wageni wakiwa wamejaa mlangoni na simu haikati, mimi niliandika majina kwa haraka na kwa mazoea. Watoto wa miaka mitatu hadi sita, wanaojifunza kwenye uwanja mdogo wa chini, niliwapa wanawake, kwa sababu kila mtu pale alisema wana subira. Wageni wa masomo ya faragha, watu wazima wanaojua skii na wanaotaka kupelekwa kwenye miteremko mikali, niliwapa wanaume. Hakuna aliyenikataza wala aliyenilazimisha. Kufika mwisho wa msimu wanaume walikuwa wamekusanya saa nyingi kwenye miteremko ya juu, wamepata bakshishi nzuri, na wageni walikuwa wanaweka nafasi ya mwaka unaofuata kwa kuwataja majina. Wanawake walikuwa wamekusanya saa nyingi vile vile, lakini zote za uwanja wa watoto, na cheti cha daraja la juu kinataka mtu aliyezoea miteremko mikali kwa siku nyingi. Kisha mkuu wa wakufunzi akasema kwenye mkutano kwamba anashangaa kwa nini wanawake hawaombi kwenda kwenye mtihani wa daraja la juu. Mimi nilikuwa nimekaa pale na daftari langu mapajani, na jibu lilikuwa limo ndani yake kwa mwandiko wangu.

Msimu wa nne alikuja mkuu mwengine, akaweka utaratibu mmoja mwepesi: mgeni anapewa mkufunzi aliye mbele kwenye foleni mwenye cheti kinachofaa kwa kiwango cha mgeni huyo, na watoto wadogo wanazungushwa kwa wote, wanaume kwa wanawake. Mgeni akimtaka mkufunzi kwa jina, anapewa. Wanaume wawili walinung'unika kwa wiki chache. Msimu ule ule wanawake wawili waliomba mtihani wa juu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepewa semina ya kujiamini.

Kwa hivyo, mwanangu, unapoulizia njia ya kuingia, uliza pia nini kitatokea siku ya pili yake. Nimeona Paje msichana aliyepata cheti cha ukufunzi akabaki kuwafundisha watoto wa wageni kurusha kaiti ndogo ya mazoezi mchangani, huku saa za majini zikienda kwa wenzake. Na kwa kuwa wakufunzi wengi wa kaiti hulipwa kwa saa wanazofundisha, alikuwa anapata chini ya alichokuwa akipata mapokezi. Akaacha. Watu wakasema wanawake hawadumu kwenye kazi hii.

Una hoja moja yenye nguvu kuliko zote, na ni hoja ya biashara kabla ya kuwa hoja ya haki. Kaiti hufundishwa kwa mkono. Mwalimu husimama nyuma ya mwanafunzi katika maji ya kiunoni, ameshika mshikio wa mkanda wake mgongoni, na mara nyengine anamdaka akiangushwa. Wako wageni wanawake, Waislamu na wasio Waislamu, ambao hawataki kushikwa hivyo na mwanamme wasiyemjua, na wako mama na mabinti wa hapa hapa Unguja ambao kwa sababu hiyo hiyo hawatokuja kabisa. Wenzetu wa skii walilitambua hilo mapema: katika miaka ya 1970 Elissa Slanger alianzisha huko California, kwenye milima inayoitwa sasa Palisades Tahoe, mafunzo ya skii ya wanawake yanayoongozwa na wanawake, na baada yake vituo vingi vikaona kwamba hao ni wateja wanaorudi. Wewe umekaa mapokezi. Hakuna anayejua kuliko wewe ni wanawake wangapi wameuliza kama kuna mwalimu wa kike wakajibiwa hakuna. Kuanzia leo liandike kila swali la namna hiyo katika daftari, tarehe na idadi ya masomo waliyoyataka. Baada ya miezi miwili utakuwa na karatasi ambayo mwenye skuli ataisoma kwa makini kuliko barua yoyote ya maombi.

Nakuonya lakini usikubali kugeuzwa mwalimu wa wanawake peke yao. Huo ungekuwa uwanja wa watoto kwa jina jengine. Wapokee wanawake kwa kuwa wanakuhitaji, na uwe kwenye foleni ya wageni wengine wote kama mwenzako yeyote mwenye cheti chako.

Kuhusu vyeti sitasema mengi, maana njia yake inajulikana pale Paje. Taasisi inayotumika zaidi ni IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti, na ngazi zake huanzia kwa mwanafunzi anayethibitishwa uwezo wake, kisha msaidizi wa mkufunzi, kisha mkufunzi wa daraja la kwanza, pamoja na cheti cha huduma ya kwanza. Usiombe upunguziwe chochote katika mtihani. Unachopaswa kukiomba ni saa za usaidizi kabla ya mtihani, yaani kuingia majini pamoja na mkufunzi mzoefu na kuandikiwa saa hizo, kwa sababu vijana wa kiume huzipata bila ya kuomba pale wanaposhinda ufukweni kutwa, na wewe umefungwa mezani. Ikiwa skuli italipa ada ya mafunzo kwa sharti la kuitumikia kwa muda fulani, sharti hilo liandikwe, na iandikwe pia idadi ya saa za kufundisha utakazopewa kwa wiki. Vyenginevyo utakuwa umefungwa katika skuli ambayo haikupi kazi.

Msimu nao uufikirie mapema. Mkufunzi wa skii hufanya kazi miezi ya theluji tu, na mwanamke aliyebeba mimba katika miezi hiyo alikuwa akipoteza mwaka mzima wa kipato, na mara nyingi hata nafasi yake. Skuli zilizotaka kuwabakisha wanawake wao ziliwapa kazi za kupanga masomo na kusimamia mafunzo kwa kipindi hicho, kisha zikawarudisha mteremkoni kwa daraja lile lile. Kwetu kaskazi hutupa upepo kuanzia Disemba mpaka mwanzo wa Machi, na kusi kuanzia Juni mpaka Septemba, na kati yake kuna miezi mikavu ya kipato. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya mwaka 2005, inatambua likizo ya uzazi, lakini haki hiyo ni vigumu kuidai mtu anayelipwa kwa saa bila ya mkataba wa maandishi. Wewe una kitu ambacho wakufunzi wengi wanaume hawana: unaijua kazi ya mapokezi. Omba mkataba wa mwaka mzima unaochanganya mambo mawili, kufundisha wakati wa upepo na mapokezi wakati wa utulivu. Kwa mwenye skuli ni nafuu, na kwako ni mshahara wa Aprili na Mei.

Sasa mama yako. Wasiwasi wake usiuchukulie kuwa ni kikwazo, kwa sababu anaulizia mambo ambayo skuli yoyote makini ilipaswa kuwa imeshayajibu. Kwa upande wa mavazi jambo linawezekana kabisa. Huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na nguo za kuogelea za mwili mzima, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitunukiwa katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018, kwa hivyo dunia imeshaona. Kwa kaiti masharti ni ya usalama tu: nguo ibane, mikono mirefu na suruali ndefu ya kuogelea, na ushungi uwe ule wa kuogelea unaovaliwa kama kofia, bila ya pini na bila ya ncha inayopepea, kwa sababu kitambaa kilicholegea kinaweza kunaswa na kamba. Kofia ngumu ya kinga huvaliwa juu yake bila taabu.

Kwa upande wa wanaume, mwambie mkubwa wako kwamba unataka kuona kwa maandishi nini hufanyika mgeni au mfanyakazi anapomvunjia heshima mkufunzi: anaambiwa nani, somo linasimamishwa na nani, na je, mkufunzi anapoteza malipo ya saa hiyo au hapotezi. Suala la mwisho ndilo linaloamua, kwa kuwa mtu atakayekatwa saa yake kwa kulalamika atanyamaza. Uliza pia kuhusu usafiri wa kurudi Jambiani siku upepo unapochelewesha masomo mpaka magharibi. Na usiingie peke yako kama unaweza kumpata mwenzio. Nilipokuwa Tirol niliona kwamba mkufunzi mwanamke aliyekuwa peke yake kwenye kundi la daraja la juu alihesabiwa kila kosa kana kwamba amelifanya kwa niaba ya wanawake wote. Walipokuwa watatu, kosa likawa la mwenye kulifanya.

Utaambiwa pia kwamba skii ni ya Wazungu na haikuhusu. Mtajie Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, kwenye mwambao huu huu wetu, akakulia Austria, na akaiwakilisha Kenya kwenye skii katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018.

Nenda kwa mkubwa wako wakati wa masika, Aprili, upepo ukiwa umelala na orodha ya masomo ya kusi haijaandikwa. Chukua daftari lako la wageni walioulizia mwalimu wa kike, barua ya ukurasa mmoja yenye ombi la saa za usaidizi na la mkataba wa mwaka, na karatasi ya tatu ambayo utaipata nyumbani. Mama yako na wenzake wanajua vigingi na kamba za mwani zilipo, na wanajua ni wapi huwa pakavu wakati wa bamvua na wapi hubaki maji ya kiunoni, mwombe akuchoree. Kaiti za wageni zimekuwa zikiangukia kwenye mashamba hayo na kukata kamba za wanawake waliozifunga kwa mkono, na skuli nyingi huishia kugombana nao kwa kukosa mtu wa kuzungumza pande zote mbili. Ramani hiyo hakuna mkufunzi mwengine pale Paje anayeweza kuileta, na ukiiweka mezani, mwambie mkubwa wako kwamba ungependa kuanza kwa kuwatembeza wakufunzi wote kwenye mipaka ya mashamba kabla ya mgeni wa kwanza wa kusi kuingia majini.